Sikio la Kushoto

Upepo wa Punta Arenas hauna adabu.
Kona ya benki wamefunga kamba, nguzo kwa nguzo,
tushikilie, tusiende na kofia zetu mpaka baharini.
Mkono mmoja umeshika kamba,
wa pili umebana kijisanduku kifuani:
miezi kumi na moja, siku ishirini na sita.
Udhamini ni mwaka. Nimehesabu kwa vidole vyenye unga,
mara mbili, nikisubiri mikate iumuke.

Dukani kuna joto la kulaza paka.
Kijana wa kaunta, kifuani kaandikwa YERKO,
anafungua kifuniko. Vimelala humo viwili,
vyeusi, kama maharage yaliyokosa maji.
"Cha kushoto kimekufa," nasema.
Anakipuliza. Anakifuta kwa pindo la fulana.
Anakizima, anakiwasha, anakibonyeza sekunde kumi,
anakiunganisha na simu yake mwenyewe.
Sikio la kufa halisikii dawa.

"Risiti, mama?"
Naitoa. Nyeupe pe!
Mwaka mzima imelala kwenye droo ya bekari
pamoja na karatasi za siagi,
na siagi imelamba kila herufi,
ikabakiza sufuri tatu na mkia wa tisa.
Yerko anaiinua kwenye taa kama mtu anayekagua yai.
Hacheki. Namshukuru kwa hilo.
Anaomba namba ya kitambulisho, anachapa kwa vidole viwili,
na mashine, isiyonijua wala kunipenda,
inanikumbuka: tarehe tisa, jioni, taslimu,
jozi mbili.

Ndiyo, mbili. Moja nilimtumia dada yangu Irma, kule Castro,
ili aache kunipigia nikiwa kwenye tanuri,
anirekodie tu, nami nimsikilize nikikanda.
Na ana maneno, Irma!
Nguruwe wa jirani, bei ya viazi,
nani kazikwa na viatu vya nani.
Siku kumi na moja sasa nakanda kimya.

"Lakini cha kulia ni kizima," anasema Yerko,
na kwa kuwa hajui la kufanya na kizima, anamwita bosi.
Bi Ruth Barría anakuja na karatasi ya masharti,
anasimama kulia kwangu, ananisomea.
Ndefu. Naona midomo ikipanda na kushuka.
Natabasamu, kama ninavyotabasamu kanisani.
Kisha nageuza kichwa chote:
"Samahani. Rudia upande huu, tafadhali.
Hilo la kulia lilikwenda na matumbwitumbwi
nikiwa na miaka tisa. Limebaki la kutundikia hereni."

Sijawahi kumwambia mtu bekarini.
Miaka kumi na minne nachagua kukaa upande wa ukuta,
wao wanadhani ni maringo.

Bi Ruth anakunja karatasi. Kumbe ilikuwa inasema
kizima kimoja kinatosha kwa sasa, kibovu kiende Santiago,
siku ishirini za kazi.
Yerko, maskini, anataka kusaidia:
je, cha kulia hakiwezi kuingia kushoto?
Tunajaribu, foleni nzima ikitazama.
Kinachungulia, kinateleza, kinaanguka,
kiatu kilichokosea mguu.
Mtu wa nyuma anacheka, nami pia.
Bi Ruth hacheki. "Mpe jozi mpya," anasema,
safari hii akiwa kushoto, na kwa sauti kubwa mno,
kama wafanyavyo wote wakishajua.

Nje, kamba inapiga mluzi. Nabandika kipya.
Cha kulia nakiacha sandukuni; hakina kosa.
Jumbe thelathini na nne zinasubiri.
Naanza na wa mwisho.
Nashika kamba kwa mikono yote miwili
na Irma ananiingia kichwani, amefoka:
"Weye Nélida, siku ya kumi na moja hii hujibu.
Umekuwa kiziwi?"